Kusaka Myumbo wa Mashimo Meusi

Tarehe 29 Januari 2020, saa 3 na dakika 54 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, wimbi la mvutano liliipita dunia. Lilitoka kwa mashimo meusi mawili yaliyokuwa yakizungukana, yakazidi kukaribiana, mwishowe yakagongana na kuwa moja. Livingston, katikati ya misitu ya misonobari ya jimbo la Louisiana, ilikuwa saa 6 na dakika 54 usiku. Hanford, katika nyika kavu ya jimbo la Washington, tarehe 28 ilikuwa bado haijaisha. Cascina, karibu na Pisa nchini Italia, watu walikuwa wanaingia kazini. Vigunduzi vyote vitatu vilikuwa vinafanya kazi na vyote vililinasa. Sehemu ya wimbi ambayo mitambo iliweza kuisikia ilidumu kama sekunde moja.

Tukio hilo huitwa GW200129, kwa kufuata tarehe yake. Kunasa wimbi la mvutano si ajabu tena. La kwanza lilinaswa tarehe 14 Septemba 2015, mwaka 2017 Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne wakapewa tuzo ya Nobel, na kufikia 2025 orodha rasmi ilikuwa imeshapita matukio 200. Kinachonivuta mimi ni kazi inayoanza baada ya kunasa. Wapo watu wanaoingia ndani ya ile sekunde moja kutafuta kitu kidogo zaidi, dalili kwamba obiti ya mashimo yale mawili ilikuwa ikiyumba. Wameisaka dalili hiyo kwa subira na wamebishana juu yake kwa subira vilevile, na namna walivyobishana naiona ni ufundi wa hali ya juu kuliko hata kule kunasa kwenyewe.

Myumbo wenyewe si mgumu kuuelewa kwa yeyote aliyewahi kuchezesha pia. Pia ikisimama wima huzunguka palepale ilipo. Ikiinama kidogo, kichwa chake huanza kuchora duara hewani huku yenyewe ikiendelea kuzunguka. Mashimo meusi nayo hujizungusha kila moja kwenye mhimili wake. Mihimili hiyo ikiwa sambamba na mhimili wa obiti, mashimo huzungukana katika bapa moja lisilobadilika hadi mwisho. Mmoja ukiwa umeinama, bapa lenyewe la obiti huanza kugeuka huku na huku. Katika hesabu za Newton jambo hili halimo, kwa sababu kwake kujizungusha kwa tufe hakubadilishi mvutano wake hata kidogo. Ni nadharia ya uhusianifu ya Einstein inayosema kwamba kitu kizito kinachojizungusha hukokota nafasi na wakati vilivyo kando yake. Josef Lense na Hans Thirring walilikokotoa hilo mwaka 1918.

Karibu na sisi mkokoto huo ni mdogo mno. Satelaiti ya Gravity Probe B, iliyorushwa mwaka 2004, ilibeba matufe manne ya kwatzi yenye ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani, yaliyosuguliwa yakakaribia uduara kamili, ili, pamoja na mengine, kupima jinsi dunia inavyokokota nafasi inapojizungusha. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Mihimili ya matufe ilikuwa imegeuzwa na mkokoto huo kwa kiasi cha sehemu moja ya laki moja ya digrii kwa mwaka. Kwenye pulsa pacha (mabaki mazito ya nyota yanayozungukana) zilizogunduliwa mwaka 2003, ambako mvutano ni mkali zaidi, mhimili wa pulsa moja huhitaji kama miaka 75 kumaliza duara moja. Mashimo meusi yanayokaribia kugongana yanatarajiwa kuyumba mara kadhaa kwa sekunde.

Anayeuliza faida ya kuujua myumbo huo anauliza mashimo haya yalikutanaje. Yakiwa yamezaliwa na nyota mbili zilizokua pamoja tangu mwanzo, mihimili yao hutarajiwa kuelekea upande mmoja. Yakiwa yalikutana baadaye ndani ya kundi lililosongamana nyota, mihimili huelekea popote. Kwa hiyo mwinamo wa mhimili unabeba historia ya ndoa yao. Na historia hiyo haina pengine pa kuisoma, kwa sababu mashimo ya namna hii hayatoi mwanga. Kizazi kilichotangulia kiliyatambua mashimo meusi kwa gesi inayowaka kwa eksirei inapomezwa. Pwani yetu ilishiriki katika kazi hiyo, kwani tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa unajimu wa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha siku yake, na vipimo vyake vilisaidia sana kuifanya Cygnus X-1 itambulike kuwa shimo jeusi. Mashimo ya GW200129 hayakuwa na gesi ya kuwaka. Yalikuwa na wimbi tu.

Na wimbi hilo hufika likiwa limenyong'onyea. Kila kigunduzi cha LIGO, yaani cha Livingston na cha Hanford, kina mikono miwili ya kilomita 4, mabomba yaliyonyonywa hewa, na ndani yake mwanga wa leza unaokwenda na kurudi kati ya vioo. Wimbi likipita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja ya mia ya upana wa protoni. Kila kioo kina kilo 40, na kinaning'inia kwenye nyuzi nne za silika, kila uzi ukiwa na unene usiofika nusu milimita. Nyuzi hizo huvutwa kutoka kwenye fimbo ya silika inayoyeyushwa kwa leza, ufundi uliokomazwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Kabla ya hapo vioo vilikuwa vinaning'inizwa kwa waya wa chuma. Chuma kina nguvu ya kutosha kubeba, lakini joto hukifanya kitetemeke ovyo kwenye masafa mengi. Silika hukusanya mtetemo wake kwenye masafa machache yanayojulikana, na yaliyobaki huwa tulivu. Mtu aliyekaa akachagua uzi wa kutundikia kioo kwa kuzingatia jinsi uzi huo unavyotetemeka kwa joto lake wenyewe ameshaanza kuitafuta dalili ya myumbo, ingawa hajagusa hesabu hata moja.

Maadui wa utulivu huo hawana idadi. Mawimbi ya bahari yanayopiga ufukwe mamia ya kilomita mbali hutikisa ardhi. Malori hutikisa. Wakata miti wa Livingston hutikisa. Mwaka 2017, Hanford ilipata kelele ngeni zilizorudiarudia bila utaratibu. Mwanafizikia Robert Schofield na wenzake wakafuatilia vipaza sauti vilivyotegwa nje ya jengo, wakafika kwenye bomba la mfumo wa ubaridi lililoganda barafu, wakakuta barafu ina alama za midomo ya ndege. Kunguru walikuwa wanaidonoa katika joto la kiangazi. Hawakuridhika na kuona alama. Waligonga barafu wenyewe kuiga donoo la ndege, wakalinganisha mtetemo uliotokea kwenye data na ule wa mwanzo, ndipo wakalifunika bomba. Tabia hiyo ya kutengeneza upya kelele unayoishuku, badala ya kuilaumu tu, ndiyo inayotenganisha fundi na mtu mwenye bahati.

Baada ya kelele inakuja kazi ya kusoma. Jozi ya mashimo meusi huelezwa kwa namba 15: uzito wa kila moja, namba sita za kujizungusha kwao, umbali, mahali angani, mwinamo wa obiti kwetu, na nyingine chache. Wimbi haliji na namba hizo zimeandikwa. Msomaji hulazimika kubuni mamilioni ya jozi, kukokotoa wimbi ambalo kila jozi ingetoa, na kulilinganisha na lile lililonaswa. Myumbo hujitokeza kama nguvu ya wimbi inayopanda na kushuka kadiri obiti inavyotugeukia na kutupa kisogo. Tukiwa tunaitazama obiti kwa juu kabisa, hauonekani sana hata kama upo. Tofauti ya uzito kati ya mashimo nayo inaweza kuiga baadhi ya athari zake. Ndiyo maana jozi nyingi zinazonaswa hazisemi lolote la uhakika kuhusu myumbo, na wachambuzi huandika hivyohivyo.

Kukokotoa wimbi la kugongana kwenyewe kuliwashinda watu kwa miongo. Milinganyo ya Einstein ikiwekwa kwenye kompyuta ilikuwa inasambaratika kabla mashimo hayajazunguka vya kutosha, mpaka Frans Pretorius alipofaulu mwaka 2005 kuyafikisha hadi mwisho, na makundi mengine mawili yakafuata muda mfupi baadaye kwa njia tofauti. Leo kugongana kumoja bado kunaweza kuichukua kompyuta kubwa wiki nyingi, kwa hiyo hakuna anayeweza kukokotoa mamilioni. Wanafanya hivi: wanakokotoa machache kwa ukamilifu, kisha wanajenga modeli inayojaza mapengo. Modeli iitwayo NRSur7dq4 ilijengwa juu ya migongano 1,528 iliyokokotolewa hivyo. Zipo modeli nyingine zinazofika mbali zaidi lakini kwa kukisia zaidi. Katika orodha ya matukio iliyotolewa Novemba 2021, GW200129 ilisomwa kwa modeli mbili za namna hiyo, na hazikukubaliana. Moja iliuona myumbo waziwazi, nyingine iliuona kwa shida.

Mark Hannam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliichukua tofauti hiyo kwa uzito. Wakalisoma upya tukio kwa NRSur7dq4, kwa hoja kwamba ndiyo iliyo karibu zaidi na milinganyo yenyewe, na Oktoba 2022 wakachapisha katika jarida la Nature. Waliona mashimo mawili, moja likiwa na uzito wa jua kama 39 na jingine kama 22, lile kubwa likijizungusha kwa kasi inayokaribia ukomo huku mhimili wake ukiwa umelala. Myumbo huo ungekuwa na kasi mara bilioni kumi ya ule wa pulsa zilizopimwa kabla. Vijay Varma na wenzake wakakokotoa kwamba mashimo ya namna hiyo yanapoungana hutoa mawimbi yenye nguvu zaidi upande mmoja, na shimo jipya hurushwa upande wa pili. Walikadiria kilomita 1,500 kwa sekunde, kasi ya kutosha kulitoa kwenye galaksi nyingi. Ilikuwa habari kubwa na ilistahili kuwa kubwa.

Lakini Livingston, katika sekunde ileile, palikuwa na jambo jingine. Mwanga wa leza, kabla ya kuingia kwenye mikono, hupitishwa kwenye kifaa kinachoutia mtetemo wa megahezi 45, ili mitambo ya kudhibiti iweze kujua kama vioo vimekaa mahali pake. Kifaa hicho mara kwa mara hutoa kelele, na usiku ule kilitoa, wakati wimbi linapita. Hilo halikufichwa. Kelele hiyo ilikuwa imerekodiwa pia kwenye mkondo mwingine wa data, ule unaofuatilia kifaa chenyewe, na kwa kutumia rekodi hiyo watu wa LIGO waliikadiria na kuiondoa kabla yeyote hajaanza kusoma. Data zilizosafishwa ndizo zilizokwenda kwa Hannam, kwa Varma na kwa kila mtu.

Swali alilouliza Ethan Payne pamoja na Katerina Chatziioannou na wenzao, mwaka huohuo wa 2022, lilikuwa la kifundi kabisa: zimesafishwa kiasi gani? Walianza kwa kutenganisha mashahidi. Data za Hanford zikisomwa peke yake, hazidai myumbo. Za Livingston zinaudai. Kisha wakaanza kukata data za Livingston kutoka chini, wakiacha nje masafa ya chini kidogo kidogo. Walipofika hezi 50, dalili ya myumbo ikawa imetoweka. Ushahidi wote, basi, ulikuwa umekaa kati ya hezi 20 na 50, kwenye kigunduzi kimoja, palepale ilipokuwa kelele ya kifaa. Hapo wakafanya jambo ambalo naliona la thamani kuliko yote katika kisa hiki. Badala ya kuondoa kelele mara moja na kuiamini hesabu hiyo, waliacha wimbi na kelele vikadiriwe kwa pamoja, wakapata usafishaji mwingi tofauti, wote ukiwa unakubalika. Katika baadhi yake myumbo ulibaki, katika mwingine ulififia. Tofauti kati ya obiti inayoyumba na isiyoyumba ilikuwa ndogo kuliko mashaka ya usafishaji wenyewe.

Hawakusema myumbo haupo. Ukisoma kazi yao unaona jinsi walivyoishika kalamu isivuke mstari huo. Baadaye Ronaldas Macas, Andrew Lundgren na Gregory Ashton walifundisha mtandao wa neva wa kompyuta kuitambua kelele ya kifaa kile kwa undani zaidi kuliko njia ya awali, wakaiondoa upya, wakasoma upya, na myumbo wakaukuta bado upo. Kwa hiyo hadi leo mtu mwaminifu anaweza kuegemea upande wowote kati ya hizo mbili, mradi aeleze anaegemea kwa data ipi. Mimi naegemea kidogo upande wa myumbo, lakini nisingeandika kwenye kitabu cha shule kwamba umethibitishwa.

Tabia hii haikuzuka tu. Tarehe 16 Septemba 2010, miaka mitano kabla ya ugunduzi wa kwanza, vigunduzi vilinasa ishara nzuri iliyoonekana kutoka upande wa kundinyota la Mbwa Mkubwa. Mamia ya watu waliichambua kwa miezi, wakaandika makala kamili ya kuitangaza. Wote walijua kwamba kikundi kidogo kilikuwa na ruhusa ya kuvitikisa vioo kwa siri ili kuwapima wenzao, na kwamba jibu lilikuwa kwenye bahasha. Bahasha ilifunguliwa Machi 2011 katika mkutano uliofanyika Arcadia, California, na ishara ikawa ya kutengenezwa. Makala ikawekwa kando. Tabia hiyohiyo ndiyo inayouliza maswali kuhusu kelele ya megahezi 45.

Mabishano ya namna hii yana mwisho wake pia, na upo mfano. Mwaka 1970 mwanafizikia wa Kihindi C. V. Vishveshwara alionyesha kwa hesabu kwamba shimo jeusi likisumbuliwa hutetemeka kwa namna yake maalumu kisha hutulia. Kwa mujibu wa Einstein, na kwa suluhisho alilolipata Roy Kerr mwaka 1963, masafa yote ya mtetemo huo yanaamuliwa na namba mbili tu, uzito na kujizungusha. Ukisikia masafa mawili kutoka shimo moja, unaweza kuipima nadharia. Mwaka 2019 Maximiliano Isi na wenzake walisema wameyasikia yote mawili kwenye wimbi lile la kwanza la 2015. Mwaka 2022 Roberto Cotesta na wenzake wakajibu kwamba la pili ni kelele, na kwamba yote yanategemea unaanza kuhesabu kwenye milisekunde ipi. Majibizano yakaendelea, kila upande ukiwa na hoja za kweli, na data hazikuwa na nguvu ya kuamua.

Kilichoamua ni vioo. Kwa muda wa muongo mmoja watu wa maabara waliboresha leza, wakaboresha vioo, wakajifunza kubana kelele ya kikwanta ya mwanga wenyewe, na tarehe 14 Januari 2025 likaja wimbi kutoka jozi inayofanana sana na ile ya 2015, mashimo yenye uzito wa jua kama 34 na 32, likitoka umbali unaolingana na ule wa kwanza. La kwanza lilikuwa limesikika kwa nguvu mara kama 24 ya kelele; hili lilisikika kwa mara 80 hivi. Masafa mawili yalisikika, na yalikubaliana na Kerr. Ikapimwa hata nadharia ya Stephen Hawking kwamba eneo la uso wa mashimo haliwezi kupungua. Mashimo mawili ya mwanzo yalikuwa na jumla ya kilomita za mraba kama 240,000, na shimo lililozaliwa lilikuwa na karibu 400,000.

Kwa myumbo, tukio la 2025 halikusaidia. Mashimo yake yalikuwa yanajizungusha polepole, na yalikaribiana mno uzito. Wanaousaka wanahitaji jozi yenye uzito usiolingana, mhimili ulioinama, obiti inayotazamwa kwa ubavu, na bahati ya kupita wakati vifaa vyote vimetulia. Ushahidi wa jumla wanao: wakichanganya matukio mengi pamoja, wanaona kwamba kwa baadhi ya jozi mihimili haikuelekea upande mmoja. Jozi moja isiyobishaniwa ni adimu zaidi. Na tumaini jingine liko angani: Shirika la Anga la Ulaya lilipitisha rasmi Januari 2024 ujenzi wa LISA, satelaiti tatu zitakazokaa kilomita milioni 2.5 kutoka moja hadi nyingine na kurushwa katikati ya miaka ya 2030. Hizo zitasikiliza mashimo yenye uzito wa mamilioni ya jua, ambayo mawimbi yake yanaweza kusikika kwa wiki nyingi kabla ya kugongana, na obiti inayoyumba itapata muda wa kuyumba tena na tena mbele ya wachambuzi.